Dada Wakili anajibu: Serikali ikimpeleka mahakamani aliyekutapeli, wewe unapata nini?

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wenzetu walioko Marekani na karibu zote zina kilio kimoja, mtu kauziwa gari kwa bei isiyo yake, mwingine hela imepotelea njiani, mwingine kaletewa cheki asiyoielewa, na wote wanauliza serikali ina mawakili kibao mbona hakuna anayenisimamia. Huko nimefanya kazi, niliongoza timu ya mawakili wa serikali ya jimbo kwenye kesi za madai za kumlinda mlaji, kwa hiyo leo nimejibu kirefu, hasa swali la kwanza maana limebeba mengine yote.

SWALI: Shikamoo Dada Wakili. Mi ni dereva wa malori, niko Houston. Nimenunua gari used kwenye yadi moja huku, tukakubaliana dola 15,900, nikatoa 3,000 keshi, iliyobaki mkopo wa hapo hapo yadi. Kusaini ilikuwa kwenye tableti, jamaa anakwambia weka kidole hapa, na hapa, na hapa, huku watu wanasubiri nyuma yako. Baada ya miezi miwili mke wangu kasoma karatasi kakuta mkopo umeandikwa 19,400. Kuna waranti ya 2,800, kuna kitu kinaitwa GAP 995, kuna "ulinzi wa rangi na matairi" 1,500, vyote sijaviomba. Nimerudi wananiambia kaka umesaini. Nikaandika malalamiko ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo (AG) la Texas, nao wamenijibu eti hawawezi kuniwakilisha mimi binafsi. Sasa hawa mawakili tunaowalipa kwa kodi zetu ni wa nani?

JIBU: Marahaba kaka yangu, pole sana, na hasira yako naielewa kabisa. Hiyo barua imekuvunja moyo lakini inasema kweli. Wakili wa serikali kwenye kesi hizi ana mteja mmoja tu, ni umma wa Texas wote kwa pamoja, wewe umo humo ndani ila huwezi kumpigia simu ukamwambia fanya hivi acha vile kama wakili uliyemlipa mwenyewe. Kesi anaifungua kwa jina la jimbo, anaomba mahakama itoe zuio huo mchezo ukome, itoze faini zinazoingia serikalini, na iamuru walioumizwa warudishiwe chao. Hilo la mwisho ndo linakugusa wewe, na ndo maana malalamiko yako hayajaenda bure hata kama jibu limekuja kavu vile.

Ngoja nikwambie kinachotokea kule ndani. Lalamiko lako linaingia kwenye mfumo kwa jina la yadi. Mpelelezi analisoma pamoja na mengine ya yadi hiyo hiyo na anachotafuta ni kufanana. Wewe umetaja tableti, umetaja haraka haraka, umetaja 995. Akikuta dada wa Kinaijeria kataja 995, mzee wa Kimeksiko kataja 995 na tableti, mama wa Kikongo naye hivyo hivyo, na hakuna anayemjua mwenzake, hapo ndo wakili anaanza kukaa vizuri kwenye kiti. Mteja mmoja, yadi itasema alielezwa akasahau. Wakiwa 30 wasiofahamiana, wanasimulia kitu kile kile kwa mpangilio ule ule, hiyo "umesaini" inaanza kukosa nguvu kwa sababu sheria hizi haziulizi tu kama umesaini, zinauliza kama mwenendo mzima wa muuzaji ulikuwa wa kudanganya.

Na kabla hata ya kufungua kesi, sheria inawapa mawakili hao uwezo wa kuipelekea yadi amri ya kutoa nyaraka, yadi inatii au inaenda kuipinga mahakamani. Wanaomba mikataba yote, rekodi za simu, karatasi za mafunzo ya wauzaji. Lakini karatasi ambayo mimi siku zote niliwaambia vijana wangu waianze ni ile ya kamisheni. Ukiona muuzaji anapewa kidogo kwa kuuza gari lenyewe halafu anapewa kinono kwa kubandika waranti na GAP, ile bima ya deni linalozidi thamani ya gari likiharibika kabisa au kuibiwa, unajua ule mchezo wa tableti umetoka juu kwa mwenye biashara, haujatoka kwa kijana mmoja mwenye tamaa. Karatasi moja ya namna hiyo inabadilisha kesi nzima.

Mambo haya yapo kabisa. Aprili 2022 Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, pamoja na jimbo la Illinois waliibana kampuni kubwa ya magari inaitwa Napleton, ikakubali kulipa dola milioni 10 kumaliza shauri. Madai yalikuwa kama yako, vitu vya ziada vimechomekwa kwenye mkataba bila mteja kukubali, na juu ya hapo serikali ilidai wateja weusi walikuwa wanatozwa kama dola 190 zaidi kwenye riba na 99 zaidi kwenye hivyo vya ziada kuliko wazungu wenye hali kama yao. Mteja mmoja mweusi angeyajuaje hayo akiwa na mkataba wake peke yake mkononi? Asingejua. Inahitaji mtu mwenye mamlaka ya kuomba mikataba ya wote aiweke mezani aihesabu.

Kuna jambo jingine watu wengi hawalijui na mimi naliona kubwa kuliko yote. Rudi kwenye mkataba wako, karibu na mwisho, utakuta kipengele cha usuluhishi, kinasema ukiwa na mgogoro huendi mahakamani unaenda kwa msuluhishi binafsi, peke yako, bila kuungana na wenzako. Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2011 kwenye kesi ya AT&T Mobility na Concepcion iliviwekea ulinzi vipengele hivyo, kwa hiyo kile kitu cha watu elfu moja kuungana kesi moja mara nyingi kimeshafungiwa mlango kabla hujatoka yadi. Lakini serikali haijasaini mkataba wako. Mahakama hiyo hiyo ilishasema mwaka 2002, kwenye kesi ya Waffle House, kwamba makubaliano ya usuluhishi ya mtu binafsi hayaifungi taasisi ya serikali inayoshtaki kwa mamlaka yake yenyewe. Ndo maana nakazana watu walalamike serikalini, kwa wengi wenu huo ndo mlango pekee wa mahakama uliobaki kwa ajili ya wote.

Sasa wewe mwenyewe usikae kusubiri jimbo, maana linaweza kuchukua miaka na linaweza lisishtaki kabisa. Toa mkataba, tafuta ile sehemu yenye viboksi vinavyosema riba kwa mwaka, gharama ya mkopo, kiasi ulichokopeshwa na jumla utakayolipa, halafu tafuta mchanganuo wa hicho kiasi ulichokopeshwa mstari kwa mstari. Bei yako 15,900 toa 3,000 ni 12,900, weka kodi na usajili ikawa kama 14,100, kuanzia hapo kwenda juu ndo ulichochomekewa, kama 5,300 hivi. Waranti na GAP kwa kawaida unaweza kuziandikia barua ya kuzifuta, sehemu ya hela ambayo muda wake haujatumika inarudi, ila itaenda kupunguza deni la mkopo wako, haiji mfukoni kwako. Fanya hilo wiki hii maana kila mwezi unaopita inapungua.

Kisha sheria ya Texas ya kupinga udanganyifu kwenye biashara, ya mwaka 1973, inakupa wewe binafsi haki ya kudai. Unatakiwa kuwapelekea barua ya madai siku 60 kabla ya kufungua, na una miaka 2. Ukithibitisha walifanya kwa kujua, mahakama inaweza kukuongezea mpaka mara 3 ya hasara yako, na ukishinda wanalipa wakili wako. Mahakama ndogo za Texas zinapokea madai mpaka dola 20,000 na mikataba mingi ya usuluhishi inaziacha huru, soma chako kinasemaje. Nakala ya malalamiko peleka pia idara ya magari ya jimbo maana hao ndo wenye leseni ya yadi. Na tafadhali wale wanaoambiana kwenye magrupu kwamba gari unaweza kulirudisha ndani ya siku 3, hakuna kitu kama hicho Texas, zile siku 3 za shirikisho ni kwa muuzaji aliyekufuata nyumbani au sehemu isiyo duka lake.

SWALI: Dada habari za kazi. Mwaka 2023 nililetewa cheki ya dola 30 hivi kwa posta, jina langu lipo, sijaomba chochote, nikaichana nikijua matapeli. Juzi shoga yangu kaniambia ile ilikuwa halali ya mambo ya kodi. Nitajuaje siku nyingine? (Mama wa watoto wawili, Minneapolis)

JIBU: Nzuri mama. Kwa maelezo yako inaelekea ilikuwa ile ya TurboTax. Mwaka 2022 majimbo yote 50 pamoja na Washington DC yalimalizana na kampuni ya Intuit, wenye hiyo programu ya kujaza kodi ya TurboTax, kwa dola milioni 141, hoja ikiwa watu wa kipato kidogo waliokuwa na haki ya kujaza kodi bure walisukumwa kwenye huduma ya kulipia. Waliolengwa walikuwa kama milioni 4.4, wengi wakapata karibu dola 30 kwa mwaka mmoja waliolipa, na cheki zilitumwa Mei 2023 bila mtu kujaza fomu yoyote. Wengi walizichana kama wewe na inaniuma, kwa sababu nyuma ya dola 30 hizo kuna watu waliosoma maimeili ya kampuni mpaka macho yakauma.

Kanuni ni rahisi. Hela ya kweli ya marejesho haikuombi ulipe kitu kwanza ili uipate, wala hakuna afisa wa serikali anayekupigia kuomba namba ya akaunti akutumie. Andika jina la kampuni iliyotajwa kwenye cheki kwenye tovuti ya AG wa jimbo lako au ya FTC, kama ni halali utakuta ukurasa wake. Usibonyeze linki iliyokuja kwenye meseji, nenda mwenyewe kwenye tovuti. Na mwaka 2025 mwezi wa tisa FTC ilimalizana na Amazon kwa dola bilioni 2.5 juu ya watu walioingizwa Prime, uanachama wake wa kulipia, bila kutaka na kusumbuliwa wakitaka kutoka, bilioni 1.5 kati ya hizo ni za kuwarudishia wateja, kwa hiyo cheki na meseji za namna hiyo zitaendelea kuwepo, za kweli na za uongo.

SWALI: Jambo dada. Miye ni mama wa Cedar Rapids, Iowa, natoka Lubumbashi. Nilituma makuta kwa ndugu yangu, dola 400, kwa simu. Risiti ilisema itafika siku ile ile, sasa siku 12 bado. Nawapigia wanasema ngoja. Kuko sheria?

JIBU: Kuko sheria mama yangu, tena nzuri. Tangu Oktoba 2013 kampuni inayotuma pesa nje kutoka Marekani inatakiwa kukupa kabla na baada ya kulipa karatasi inayoonyesha ada, kiwango cha kubadilisha fedha, kiasi atakachopokea ndugu yako na siku itakayopatikana. Una dakika 30 baada ya kulipa kufuta na kurudishiwa zote, kama hazijachukuliwa bado. Kwako dakika zimepita lakini una siku 180 za kuripoti kosa kuanzia ile siku waliyoahidi, na kuchelewa ni kosa, na wao wana siku 90 za kuchunguza. Ikionekana wao ndo wamekosea unachagua, urudishiwe dola 400 au zitumwe upya bila malipo, na ada wanarudisha. Usiseme tu kwa simu "pesa haijafika", tamka "naripoti kosa", toa jina lako, jina la mpokeaji, namba ya muamala, kisha piga skrinshoti ya siku na saa. Wakikupuuza peleka kwa AG wa Iowa.

Upande huu serikali imeshawahi kuuma kweli. Januari 2017 Western Union ilikubali kutoa dola milioni 586 baada ya kukiri kwamba ilisaidia matapeli kwa kuachia mawakala wabaya waendelee kupitisha hela, na hela hiyo ikatengwa kwa waliotapeliwa. Ila malipo ya kwanza yalianza kutoka Machi 2020, hesabu mwenyewe. Ndo maana nawaambia muwe na subira na serikali lakini ya kwenu muidai leo.

SWALI: Sina karatasi bado. Kuna mtu wa jamii yetu hapa Columbus anajiita mtaalamu wa uhamiaji, alichukua dola 4,000 zangu kunifungulia ombi la ukimbizi, miezi 8 sasa kila siku ananiambia imeshaenda. Naogopa kulalamika, si ndo nitakuwa nimejipeleka mwenyewe?

JIBU: Mdogo wangu, woga wako huyo mtu anaujua na ndo anaoufanyia biashara. Kwanza lenye haraka: ombi la ukimbizi kwa kawaida linatakiwa liingie ndani ya mwaka 1 tangu ufike Marekani. Kama lingewasilishwa ungekuwa na risiti ya USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, yenye namba, au nakala yenye mhuri wa mahakama ya uhamiaji kama kesi yako iko huko. Hana cha kukuonyesha? Chukulia halijaenda, na leo hii nenda shirika la msaada wa sheria la uhamiaji. Anayeruhusiwa kukushauri mambo haya ni wakili mwenye leseni au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani, basi. Cheo cha kanisani au kuongea Kiingereza vizuri havimpi mtu ruhusa.

Malalamiko ya mlaji, FTC haiulizi hali yako ya uhamiaji na unaweza kuripoti bila kutaja jina. Usiandike ambacho hujaulizwa. Kwa kuwa hali yako ya uhamiaji bado haijatulia, muonyeshe kwanza wakili wa hilo shirika kabla ya kuweka jina lako popote, lakini usiache ipite kimya. Hawa watu mara nyingi wanabanwa kwa kesi ya madai badala ya jinai, na sababu ni ya kisheria kabisa, kwenye jinai lazima uthibitishe bila shaka yoyote ya msingi, kwenye madai inatosha mizani ilalie upande wako. Mawakili wa serikali wanaweza kwenda kwa jaji asubuhi bila mtapeli kujua, wakatoka na amri ya kufunga akaunti zake na kuzuia mafaili ya wateja yasichomwe. Nimeona mafaili hayo yakiokolewa. Ndani yake mna vyeti vya kuzaliwa vya watu, orijino, pasi, picha za makovu ya mateso mtu alizoleta kama ushahidi, vyote vimekaa kwenye boksi chini ya meza ya mtu ambaye hajapeleka hata karatasi moja. Hilo huwa sisahau na ndo sababu nakuomba uongee.

SWALI: Dada Wakili mimi nimesoma sheria Dar, nikaja kufanya LLM, shahada ya uzamili ya sheria, nimeshapata leseni ya uwakili hapa New York na nina miaka 6 ya kazi kwenye kampuni binafsi. Nimeona nafasi ya kuongoza mawakili wa serikali kwenye kesi za kulinda walaji. Mshahara mdogo kuliko wa sasa. Kazi yenyewe ikoje, inafaa?

JIBU: Mdogo wangu hongera kwa leseni, si jambo dogo kwa mtu aliyetoka Mlimani au popote pale nyumbani. Kazi inafaa, lakini ujue unaomba nini. Watu wanadhani kiongozi wa mawakili ndo anayesimama mahakamani kuliko wote, kumbe sehemu kubwa ya siku yako utakuwa unachagua. Malalamiko yanakuja maelfu, mawakili ulio nao wanahesabika kwa vidole, kila kesi unayoichukua kuna kumi umeziacha na kwenye hizo kumi kuna watu walioumia kweli. Mimi nilikuwa nauliza kwanza huyu mtu anaendelea kuumiza watu leo? Ana hela ya kurudisha au keshaitafuna? Je, kuna mwingine wa kuwasaidia hawa, au ni wale ambao hakuna wakili binafsi atakayewagusa kwa sababu kila mmoja kapoteza dola 200 tu? Wale wa dola 200 ndo wateja halisi wa kazi hii, maana mtu akiiba dola 200 kwa watu laki moja amejiwekea milioni 20 na hakuna hata mmoja wao atakayelipa wakili.

Kazi ya pili ni kusoma kazi za wenzako kabla hazijatoka. Kila sentensi kwenye hati ya madai lazima iwe na karatasi au shahidi nyuma yake. Kijana ataandika "kampuni ilikuwa inawadanganya wateja wote", unamrudishia, wote wangapi, umejuaje, ni tangazo lipi, lilitoka lini, nani aliliidhinisha. Serikali ikimshtaki mtu kesho yake iko kwenye magazeti na biashara yake inaweza kufa kabla jaji hajasema neno, kwa hiyo huna ruhusa ya kubahatisha. Kiongozi anayetaka vichwa vya habari kuliko ushahidi ni hatari kwa umma ule ule anaosema anaulinda, na nasema hivyo kwa uzito wote, maana Mwanasheria Mkuu wa jimbo kwenye majimbo 43 anachaguliwa kwa kura na presha ya kisiasa itafika mpaka mezani kwako. Hapo ndo utapimwa, kama unaweza kumwambia bosi hapana, bado haijaiva.

Utapambana na mawakili wa makampuni, wamejaa chumba kizima, na wewe una wawili na mpelelezi mmoja aliyekuwa askari. Watakumwagia nyaraka mpaka uzame. Kwenye kesi ya Minnesota dhidi ya makampuni ya sigara zilitolewa kurasa zaidi ya milioni 35, na kilichoipa kesi nguvu ni watu waliokaa kuzisoma wakakuta makampuni yenyewe yakiandika kwa siri yale waliyokuwa wanayakana hadharani. Ilimalizika Mei 1998 muda mfupi kabla baraza la wazee wa mahakama halijaanza kuamua, kwa zaidi ya dola bilioni 6, na watu wanasahau kwamba madai yaliyobaki pale mwisho yalikuwa ya udanganyifu kwa walaji na ya ushindani, sheria hizi hizi tunazozisema. Nyaraka zikawekwa wazi kwa umma. Mimi ule uwazi nauthamini kuliko hela.

Kingine ni kumalizana. Utakosolewa kila ukikubali makubaliano. Mwaka 2012 majimbo 49 na serikali ya shirikisho yalipata dola bilioni 25 kwa mabenki matano makubwa juu ya ufujaji kwenye kunadi nyumba za watu, namba kubwa sana, lakini mtu aliyepoteza nyumba yake alipata cheki ya kama dola 1,480. Nyumba imekwenda. Nilipokuwa nafundisha vijana niliwaambia msijisifie jumla, angalieni anayefungua bahasha. Wakati mwingine makubaliano ndo bora kwa sababu kampuni inafilisika ukisubiri hukumu, wakati mwingine kampuni inakununua kwa bei ya jioni moja ya faida yake na wewe unatakiwa kukataa uende mbele. Hakuna kitabu kitakachokwambia ni ipi kati ya hizo.

Na wakati huu majimbo yamebebeshwa mzigo mkubwa kuliko zamani. Aprili 2021 Mahakama Kuu, majaji wote 9 kwa sauti moja, kwenye kesi ya AMG iliinyang'anya FTC njia iliyokuwa inaitumia miaka mingi kurudishia watu hela, na hukumu ya dola bilioni 1.27 dhidi ya mkopeshaji wa mikopo ya mshahara ikaanguka. Mwaka 2025 ofisi ya shirikisho ya kulinda wateja wa mabenki, CFPB, iliachia kesi nyingi, ikiwemo ya benki ya Capital One mwezi wa pili, na mwezi wa tano AG wa New York akaifungua Capital One kesi ya kwake juu ya akaunti zile zile za akiba. Kwa hiyo nafasi uliyoiona si ya kujificha. Mshahara ni mdogo, ndiyo, na hakuna asilimia ya ushindi. Ila wewe una kitu ambacho wenzako wengi hawana, unaweza kumpigia mama wa Lubumbashi ukamwelewa anachosema, na shahidi anayeeleweka ni nusu ya kesi. Omba. Kwenye mahojiano ukiulizwa kesi unayojivunia taja uliyoikataa na sababu.

SWALI: Na sisi huku Dar tunaomba kujua, nimeuziwa friji feki Kariakoo, huku mawakili wa serikali wanashtaki kwa niaba yetu kama huko?

JIBU: Kwa sehemu kubwa mfumo wa Tanzania umekaa tofauti. Kesi za madai za serikali zinasimamiwa na Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali tangu ilipoanzishwa mwaka 2018, lakini hiyo kazi yake kubwa ni kuitetea na kuiwakilisha serikali yenyewe. Wa kumlinda mlaji ni Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, wao wanapokea malalamiko, wanachunguza, wanakamata bidhaa bandia na wanatoza faini, na asiyeridhika anakata rufaa Baraza la Ushindani. Wenzetu Kenya haki ya mnunuzi imeandikwa kwenye Katiba ya 2010, ibara ya 46, wakawa na sheria yake ya 2012. Friji yako peleka FCC ukiwa na risiti ya EFD, picha ya ile lebo ya nyuma yenye namba na jina la duka. Kama muuzaji alikupa punguzo ili asikupe risiti, andika hilo pia kwenye malalamiko, na tafuta meseji au muamala wa simu uliomlipa maana huo nao ni ushahidi.